Ukurasa Uliofunguka Ukara

Kila Ijumaa Selina alivuka ziwa kutoka Ukara, kwa sababu ukurasa wa mtandaoni wa kupokea oda za dagaa wa kikundi chake cha wanawake haukufunguka kisiwani. Alipanda ngazi za ofisi pale Igogo mjini, akavuta kiti karibu na Ngosha, wakasoma pamoja kwenye kompyuta: nani wa Shinyanga anataka magunia, nani wa Igoma. Ukurasa ule aliutengeneza Ngosha mwenyewe, fundi aliyejifunza programu bila mwalimu.

Akiupima pale ofisini, ulifunguka kufumba na kufumbua. Kwa muda mrefu alijiambia kosa ni la mtandao wa kisiwani.

Ijumaa moja Selina akasimulia, bila kulaumu, kwamba oda kubwa ilikaa bila kuonwa, mteja akaenda kwingine, dagaa waliokosa mnunuzi wakalowa mvua mchangani. Alipoondoka, Ngosha aliubana mtandao wa kompyuta yake mpaka ukawa dhaifu kama wa Ukara, akafungua ukurasa. Ukabaki mweupe. Kiunzi cha programu alichoujengea, fremuweki iliyosifiwa na kila fundi, kilishusha kwanza mzigo wake wote ndipo kionyeshe hata neno moja.

Akaujenga upya juu ya kiunzi chepesi, kinachotanguliza maneno na kuacha picha zifuate. Akavipima vyote viwili kwenye mtandao uleule dhaifu, akibadilisha kitu kimoja kimoja ili ajue kipi kimesaidia. Kile chepesi kilishinda kila mara. Hata hivyo hakukiweka hewani.

Obedi, wa meza ya pili, akamchungulia. "Bado unapima tu, Ngosha? Wenzako wanaoa."

"Nahakikisha."

"Juzi si uliniambia kimepita?"

Ngosha akaanza kupima tena. Ukurasa ukifunguka Ukara, Selina atavuka ziwa kwa sababu gani? Alikaa akikitazama kile kiti kitupu. Halafu akawafikiria wanawake wanaoanua dagaa waliolowa, akauweka ukurasa mpya hewani.

Asubuhi Selina akapiga simu. Nyuma yake wanawake walikuwa wakicheka na kugeuza dagaa. Akasema ukurasa umefunguka hata kabla hajapanda jiwe wanalopanda kutafuta mtandao, na oda ameshazikubali. Akamshukuru sana.

"Kwa hiyo Ijumaa huji," Ngosha akasema.

"Nije kufanya nini, na oda naziona huku?"

"Uje unione mimi."



"Miaka yote hii navuka mimi," Selina akasema taratibu. "Wewe mbona hujawahi kuvuka?"

Ngosha aliujua mtandao wa Ukara kuliko mtu yeyote mjini, na mchanga wake hakuwahi kuukanyaga. Akamuuliza mtu akishuka melini Nansio hupanda gari gani kwenda kwenye kivuko cha Ukara.