Nani Atangulie Barafuni

Balaa hili lililetwa na Mskoti mmoja, fundi wa kiwanda cha barafu upande wa Kilindini. Kwao, mji mdogo huko kaskazini kabisa, kila mwaka watu wazima na ndevu zao hushindana kutelezesha mawe juu ya ziwa lililoganda, na wenzao hukimbia mbele ya jiwe wakifagia. Mwaka wa arubaini na tatu, alipozidiwa na hamu ya kwao, alipanga vitalu vya barafu sakafuni mwa ghala, akachora duara kwa nili, akawafundisha wafanyakazi. Vita vilipokwisha akaenda zake. Mashindano yakabaki, na watu wa Mji wa Kale wakayashika kila mwaka utadhani wameyarithi kwa babu zao. Mawe yalikuwa ya kusagia, yale ya juu yenye mpini, yaliyoazimwa kwa kina mama kwa mbinde. Mafagio yalikuwa ya vyelewa vya makuti. Wanaume ambao majumbani mwao hawajui fagio linakaa wapi waliifagia barafu ile hadi jasho likawatoka.

Kamaludin, mshona kofia wa Ndia Kuu, hakuwa na haja na mchezo. Haja yake ilikuwa kumuoa Mwanakuu. Mwanakuu alikuwa amekubali, na babake, mzee Athmani, amekubali. Aliyebaki ni Nana, mamake Athmani, na bila neno lake hakuna ndoa iliyofungwa katika nyumba ile. Nana alikunywa sharubati ya barafu mara moja tu maishani, ndani ya meli akirudi Hija, na tangu siku hiyo kila kinywaji alikiona cha moto. Sharti lake likawa moja: anayemtaka mjukuu wake amletee barafu.

Utacheka, barafu tu! Lakini barafu yote ya kiwanda ilikuwa ya meli na hoteli, na mtu wa mtaani haipati hata kwa machozi. Njia ilikuwa kushinda mashindano, maana zawadi ya mshindi ni uwanja wenyewe, kwa kadiri utakavyobaki.

Basi mwaka wa arubaini na saba Kamaludin akafika fainali, na mpinzani wake akawa nani? Mzee Athmani mwenyewe, bingwa wa miaka mitatu mfululizo. Athmani hakuitaka barafu; ya miaka yote mitatu iliyeyuka mle mle ghalani akipokea hongera kwa adabu. Alichokuwa hataki ni kushindwa, hata na mkwe.

Fainali ni jiwe moja kwa kila mtu, na lililo karibu na kitovu cha duara ndilo lishindalo. Kwa hivyo anayetupa wa pili ana nafuu kubwa, kwa kuwa aweza kuligonga la mwenzake likatoka. Saa nne asubuhi Dzoro, mfanyakazi aliyeachiwa filimbi na yule Mskoti, akaipuliza.

"Tangulia, mwanangu," Athmani akasema kwa upole mwingi.

"Mimi nikutangulie weye, babangu? Haiwi."

"Nakupa ruhusa."

"Ruhusa nimeipokea, lakini heshima yanikataza."

Wakaendelea hivyo. Dzoro akapuliza tena, na tena. Wafuasi wa pande zote mbili wakaulizana hali za majumbani, wakamaliza, wakaanza upya. Jua likapanda, mabati ya ghala yakaanza kulia, na barafu ikawa inakonda mbele ya macho ya watu.

"Kwetu Duruma mtu akiambiwa atangulie, hutangulia," Dzoro akasema. Wakamtazama kwa huruma.

Nana alikuwa ameketi kitini kando ya uwanja. Aliletwa kwa mkokoteni, kwani hakuiamini barafu kusafiri. Kamaludin akaiona midomo yake imekauka, akayaona maji yanavyotiririka kuelekea mlangoni, na akaichukia adabu yake yote aliyofundishwa tangu chuo cha Kurani. Akainama, akashika mpini, akalisukuma jiwe.

Wafagiaji wake walipigwa na butwaa, hakuna aliyeinua fagio. Kamaludin akamnyang'anya mmoja wao, akapandisha kanzu, akakimbia akalipita jiwe lake mwenyewe, akalifagilia. Likasimama shubiri moja kutoka kitovuni.

Athmani akatupa kwa hasira. Jiwe lake likapita duara, likatoka mlangoni, likaishia kwenye magunia ya mkaa.

"Barafu umeipata," akasema. "Mke tafuta kwengine. Simpi binti yangu mtu mwenye mato makavu, asokuwa na haya."

Watu wote wakamgeukia Nana. Kamaludin akavunja kipande, akampelekea kwa mikono miwili, na kabla hajaulizwa kitu Nana akakitia kinywani. Mtu hasemi kinywa kimejaa, na mkubwa haharakishwi. Watu mia wakasimama majini wakingoja, na yeye amefumba macho. Kamaludin alitaka kulia.

Mwishowe Nana akajifuta midomo.

"Miaka sabini wanaume wenye adabu waningojesha," akasema. "Babako alikuwa nayo, Athmani, na weye unayo, na kiu yangu nakaa nayo mimi. Mjukuu wangu mpeni huyu asokuwa nayo."

Akaomba kipande kingine.

Ndoa ilifungwa mle mle ghalani, kwa sababu Nana alikataa kuiacha barafu. Athmani akampa Kamaludin mkono bila kumtazama. Sheikh akaanza kuuliza, na kabla hajafika nusu Kamaludin alikuwa amekwisha kusema amekubali, ikabidi aulizwe upya.