Picha Nzima ya Mzee Ndassa

Koti lilikuwa la kahawia, vifungo vitatu, na lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa studio ya baba yangu hapa Biharamulo mjini. Bwana harusi alilivaa. Kijana wa kipaimara alilivaa, mikono ikimfunika hadi vidole. Baba alimpangusa mteja mabega, akamfunga kifungo cha katikati, kisha akampiga picha kuanzia kiunoni kwenda juu, maana chini kulikuwa na kaptula ya viraka na miguu isiyo na viatu. "Mtu asiaibike mbele ya watakaomwona," alinifundisha, nami nimeshika taa. Ninakikumbuka mno kile chumba cha giza: uso wa mtu unajitokeza polepole kwenye beseni la dawa, na baba anasema, "Huyu katoka mheshimiwa."

Baba hayupo tena, koti lililiwa na panya, na studio ni yangu. Napiga picha za pasipoti, za mahafali, na za watu wanaotaka niwawekee maua pembeni kwa kompyuta. Mwaka jana nilialikwa kupeleka kazi kwenye maonyesho ya picha Bukoba, nikaamua kupiga miili ya watu wazima wa kazi, bila nguo, bila kulazimisha sura ionekane. Nilidhani hatakuja mtu. Wakaja. Scola, muuza ndizi wa stendi, alikuja kwa sababu mwili wake umezaa watoto saba na hakuna aliyewahi kuuambia pole. Mwalimu mmoja mstaafu alikuja, nadhani, kuwaudhi mashemeji zake. Kila mmoja nilimuuliza kwa nini, nikaandika majibu kwenye daftari na kujiona msomi.

Alhamisi moja asubuhi bodaboda ilimshusha mlangoni Mzee Ndassa, mfugaji, pamoja na mkewe Nyamizi. Mkewe na dereva walimshika huku na huku mpaka akakaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Teddy, binti wa Ildefonce?"

"Ndimi."

Akatoa bahasha, akapanga picha nne mezani. Katika ya kwanza alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, amefika tu kutoka Shinyanga kwa miguu nyuma ya ng'ombe wa baba yake. Ya pili ilikuwa ya harusi, ya tatu amempakata mtoto wao wa kwanza, na ya nne ya kitambulisho. Zote nne amevaa lile koti.

"Nionyeshe," akasema, "mimi niko wapi hapa?"

Nilikasirika, sifichi. Koti lile ndilo lililotulea, na mtu anakuja kulidharau kwangu, kwenye kiti changu.

"Mzee, baba aliwasitiri."

"Alitusitiri. Sikatai. Sasa sitaki kusitiriwa."

Nyamizi akapandisha mguu wa suruali ya mumewe. Chini kulikuwa na bendeji hadi karibu na goti, na harufu ya kidonda. Ni sukari, alisema. Jumatatu wanaukata Mwanza, hospitali kubwa. Mzee akachora kwa kidole mahali penyewe, juu ya goti, katikati ya paja.

"Miguu hii haijawahi kuwa kwenye picha hata moja," akasema. "Na ukinivalisha kaptula, wanapokata patafichwa. Nataka nipigwe jinsi nilivyo kabla sijapungua."

Nikafunga mlango na pazia. Safari hii daftari sikuligusa.

Nyamizi alimsaidia kuvua nguo, kisha akakaa kwenye stuli akiutazama ukuta. "Mimi nimeshamwona," akasema. "Nyie fanyeni kazi yenu."

Mzee akasimama na fimbo yake kama wachungaji wanavyosimama porini saa nzima: mguu mmoja chini, wayo wa pili umeegemezwa gotini. Alisimamia ule mzima. Mwili ulikuwa mkavu, mabega yamejaa alama za kazi, na ghafla nikamwona yule kijana wa miaka kumi na tisa, ambaye baba alimfunga kifungo kabla mimi sijazaliwa. Moyo ulinijaa. Nikapiga haraka haraka, picha kumi, nikampa kamera aone.

Aliangalia ya kwanza, ya pili, akaendelea hadi ya mwisho.

"Hata wewe," akasema.

Nikachukua kamera. Picha zote kumi zilikuwa zimeishia kiunoni. Scola nilimpiga amekaa, mwalimu nilimpiga mgongo, kwa hiyo sikuwahi kugundua kwamba mikono yangu bado inakata pale pale baba alipoizoesha kukata. Laiti mzee angenigombeza. Hakunigombeza, na aibu ile sijui niielezeje.

"Upumzike, mzee. Njoo kesho," nikasema.

"Kesho hawezi," Nyamizi akasema bila kugeuka. "Hajalala siku mbili. Hata kufika hapa ni Mungu."

Mzee hakungoja tubishane. Akamwomba mkewe afungue bendeji. Alipofungua, akainuka tena, akashika fimbo, na safari hii akabadilisha: akaupandisha mguu mzima gotini, akausimamia ule mgonjwa.

"Mzee, huo ndio mbaya."

"Naujua. Nina nao miaka sitini na saba. Piga."

Nikalala kifudifudi kwenye sakafu ya simenti. Fimbo ilikuwa inatetemeka na jasho linamtiririka kifuani, lakini uso wake ulitulia. Nikarudi nyuma kwa viwiko mpaka nikampata mwili wote, kuanzia mvi hadi kucha. Nikapiga moja. Nikapiga ya pili. Machozi yakanizuia ya tatu.

Tulimkalisha. Nyamizi akapiga magoti, akaanza kufunga upya bendeji, nami nikampa mzee kamera. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole kwenye kioo, akakipitisha taratibu kwenye ule mguu mgonjwa, kutoka wayo mpaka goti, mpaka paja.

"Wabeja," akasema, asante ya Kisukuma.

"Karibu, mzee," nikajibu.

Nyamizi hakuinua kichwa.

"Hakuambii wewe," akasema.