Mkanda wa Jemadari

Fundi viatu alikuwa na ngiri mwaka wa nne sasa, na dawa yake ilikuwa mkanda wa ngozi alioushona mwenyewe na kuufunga ndani ya nguo. Mkewe asiujue, akawa analala na suruali, amempa mgongo, eti kiuno kinamsumbua. Hospitali? Thubutu! Aende akapunguzwe uanaume?

Basi mbwa wake Jemadari, mzee aliyezaa na kila jike mtaani, akaota uvimbe pembeni mwa tundu la nyuma. Akichuchumaa anasukuma weee, macho yamemtoka pima, hakitoki kitu. Mke akampeleka kwa daktari wa wanyama, akarudi na habari: ni ngiri, misuli ya nyuma imelegea. Atashonwa, na atahasiwa papo hapo, la sivyo itarudi.

Ngiri na kuhasiwa, vyote kwa mkupuo mmoja! Fundi jasho likamtoka. Akaapa mbwa wake hahasiwi na mtu. Mke akabaki anashangaa, huruma hii imetoka wapi kwa mtu anayewarushia paka viatu.

Fundi akajifungia kibandani, akamshonea Jemadari mkanda wenye nafasi ya mkia na kipande cha soli laini cha kukandamiza uvimbe. Kazi safi kabisa. Ila kesho yake mbwa hakukojoa hata tone. Tumbo likamjaa, akalala mlangoni akimtazama bwana wake, na fundi akaingiwa na uchungu wa kweli, kwa kuwa alimpenda mbwa yule kuliko baadhi ya shemeji zake. Akambeba mbio hadi kwa daktari, ngiri yake mwenyewe ikimchoma njia nzima, mke nyuma.

Daktari akasema kibofu kimeingia kwenye uvimbe, na mkanda umekibana humo humo. Angechelewa kidogo, angerudi na mzoga.

"Mhasi," fundi akasema. "Kata unachotaka, ila apone."

Jemadari akapona, makende mawili yakiwa yamepungua. Mke alikuwa ameushika ule mkanda, anaugeuzageuza.

"Mume wangu, mkono huu umeshazoea kushona hivi. Hebu inua shati."

Akainua. Ngozi ile ile, uzi ule ule. Akamuuliza daktari kwa sauti ya chini kama na yeye watamhasi. Daktari akakohoa, akamwambia ya watu hushonwa tu.

"Miaka minne umenipa mgongo," mke akasema. "Hata wangekuhasi, ningejuaje?"