Hitilafu Iliyomfuata Mama Feni

Mashine ya karibu na mlango, pale Mama Feni anapoweka stuli yake, ilianza kuzembea Jumatatu asubuhi. Aliona kwenye skrini kasi imeshuka nusu, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaangalia tena. Nusu ileile.

Ghala zima lilikuwa la mashine za kuchimba sarafu za mtandaoni. Zilijaa rafu toka chini hadi juu, zikinguruma kiasi kwamba anayetaka kupiga simu lazima atoke nje. Kazi yao haina siri: zinabahatisha namba kutwa kucha, na moja ikipatia, tajiri anaingiza sarafu. Mama Feni, fundi pekee, alizipuliza vumbi na kuzibadilishia feni, ndiyo asili ya jina lake. Tajiri huyo, bosi wake, hakukanyaga pale. Bosi alikuwa sauti ya simu tu, tena sauti ya kufoka.

Alifanya anavyofanya fundi yeyote. Alipuliza vumbi, akabadilisha feni. Mwisho akachomoa bodi ya mashine goigoi, akaichomeka kwenye mashine nzima, na ya nzima akaileta huku. Maana hitilafu ikihama na bodi, basi mchawi ni bodi. Akasogeza stuli karibu na ile nzima ili aifuatilie. Ikalegea, na ya mlangoni ikapona. Haya, bodi hiyo. Akazirudisha bodi zote mahali pake, akabaki amekaa palepale, na mashine hiyo ikaendelea kulegea japo ina bodi yake nzima. Akahamia rafu ya nyuma, rafu ya nyuma ikalegea.

"Ala! Kumbe ni mimi," akasema, akaendelea kula mkate wake.

Akafungua kumbukumbu za mashine iliyokuwa ubavuni pake. Nusu ya nguvu ilibahatisha namba za tajiri. Nusu nyingine ilibahatisha namba za simu, ikitafuta ya binti yake. Binti alibadilisha laini baada ya harusi yake, harusi ambayo Mama Feni hakuhudhuria kwa sababu bosi alimnyima ruhusa, naye akakubali. Akakubali, jamani! Hakuna aliyemfunga kamba. Tangu hapo hakujua mwanawe anaishi wapi, na hilo lilimuuma kila siku, hata akiwa anacheka.

Akatoka nje, akampigia bosi.

"Bosi, mashine inamtafuta mwanangu."

"Imefika wapi?"

"Imebakiza kidogo."

"Basi kaa na hiyohiyo, usiniharibie nyingine. Ikimaliza irudi kazini."

"Ikimpata, nitaomba ruhusa nikamwone."

"Mama, tusianze. Mashine atabaki nazo nani?"

Alikaa nayo. Aliipuliza hata pasipo na vumbi. Alipanga maneno, akapangua: aanze na salamu au aanze na samahani? Mashine haikumharakisha. Alhamisi mchana iliandika namba moja, ikaacha kutafuta.

Alisimama nje, kwenye kivuli cha ukuta, akapiga. Aliyepokea ni mtoto mdogo, anapumulia simu. Mama Feni hakujua kwamba ana mjukuu.

"Wewe nani?" mtoto akauliza.

"Mimi bibi yako. Hebu niitie mama, mjukuu wangu."

Simu ikapokonywa. "Haloo?" Sauti ile angeitambua popote.

"Mwanangu. Ni mimi, mama."

Binti hakukata. "Uko wapi?" akauliza.

"Kazini."

"Palepale?"

"Palepale, mwanangu. Lakini nikipata tu ruhusa..."

"Mama, ni bibi?" mtoto aliuliza kwa mbali.

"Hapana," binti akamjibu. "Ni mtu amekosea namba."

Simu ikakatika. Mama Feni akapiga tena. Haikuita.

Akarudi ndani. Mashine ilishakuwa na kasi yake yote. Akamwandikia bosi kwamba hitilafu imekwisha, bosi akamrudishia alama ya kidole gumba. Kisha akabeba stuli, akakaa karibu na mashine ya mlangoni, jicho kwenye skrini. Haikupungua. Akajaribu ya katikati. Akajaribu rafu ya nyuma, akakaa sana, hadi akaiegemea kwa bega. Zote zilikuwa zinachapa kazi.