Boliti Nne za Juu

Boliti niliyoikaza mimi, hata kimbunga kitabisha hodi kwanza. Ndivyo nilivyowatambia mafundi wenzangu asubuhi ile tukivaa mikanda ya usalama. Wakacheka, tena kwa pupa, kwa sababu mtu aliyemzika mama yake siku tisa zilizopita akianza mizaha, wenzake hupata pa kupumulia.

Tulikuwa tunafunga paneli za sola kwenye ukuta wa mbele wa jengo la ofisi, kuanzia ghorofa ya tano kushuka hadi juu ya mlango wa kuingilia. Paneli moja ni uzito wa mbuzi aliyeshiba. Ikichomoka, aliye mlangoni haulizi kulikoni. Msimamizi ni mjomba wangu, na ana sheria moja: kaza mpaka spana ilie "ka", ndipo upake mstari mweupe juu ya boliti. Aliye chini hawezi kujua kama boliti imekaza. Anaona mstari tu.

Nikapandishwa kwa jukwaa la kuning'inia. Tangu mazishi nilikuwa kama mtu aliyetoka kung'olewa jino: mdomo najua upo, ila siusikii. Kula nakula, kulala nalala. Mama wadogo wanasema nimejikaza kiume. Haya, angalau kuna kitu kimekazwa.

Nyuma ya kioo cha ghorofa ya tano, dada mmoja wa masijala alikuwa akipanga mafaili, kikombe cha chai pembeni. Nikamgongea kioo kama mgeni aliyechelewa. Hakucheka. Nikaendelea na kazi.

Saa nane nikashuka. Mjomba akainua shingo, akahesabu mistari, yote ipo. Akaniuliza mara moja tu kama kila boliti imelia. Nikamwambia zimelia kuliko wafiwa. Naye hakucheka, marehemu alikuwa dada yake. Akatia sahihi, akaanza kufungua utepe uliowazuia watu kupita mlangoni.

Yule dada wa masijala akatokea, kikombe bado mkononi. Akamwamkia mjomba kwanza, kwa adabu zote, ndipo akasema:

"Mzee, samahani, usifungue. Zile nne za juu huyu kijana hakuzikaza. Alisimama dirishani kwangu na spana mkononi mpaka chai yangu ikapoa, hata macho hapepesi. Halafu akatoa rangi, akazipaka zote nne."

Nikatafuta mzaha. Huwa ninao mfukoni, kama funguo. Nikatazama juu: mistari minne, imenyooka, ya mkono wangu kabisa. Sikukumbuka hata mmoja.

Mjomba akaufunga utepe upya, mafundo mawili.

"Anasema kweli, mjomba?" akaniuliza.

Yeye na mama walikuwa na sauti zinazofanana. Sikuwahi kuligundua hilo.

"Sijui," nikasema.