Maboksi Yaliyomtangulia Mwalimu Jovelyn

Haya alinihadithia Felomina, mshonaji wa sare za shule, mwezi wa sita mwaka huu, alipokuja kunipunguzia gauni la sikukuu ya mtakatifu wetu. Nyumba yake na nyumba ya Bibi Basyon zimetengwa na ukuta wa mianzi tu. Kwa hiyo alichokiona alikiona, na ambacho hakukiona alikisikia.

Asubuhi moja mwalimu Jovelyn, binti yake Bibi Basyon, alikuwa barazani akipiga pasi sketi. Shule moja ya Thailand, mkoa wa Surin, ilikuwa imemchukua akafundishe Kiingereza. Walimu wa kike wa huko huvaa sketi za kupita magoti, basi Felomina alikuwa amemshonea nyeusi mbili na ya buluu moja. Vyeti vilikuwa vimegongwa mihuri. Viza ndiyo ilikuwa inasubiriwa. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, na Jovelyn alikuwa amemwapia mtoto wake Mikay kwamba mwaka ni mwaka, hauvutwi ukawa miwili.

Huku anapiga pasi alikuwa akiimba zile nyimbo za Kiingereza za watoto, za herufi na za wanyama wa shambani, zisije zikamkwama mbele ya darasa. Wanafunzi wake walikuwa Mikay, mwenye miaka sita na pengo la mbele, pamoja na kuku wawili.

"Kuku ndio wanaojibu," alisema Bibi Basyon, akisugua sufuria. "Huyu wa kwetu anacheka tu."

Likaja gari la mizigo. Dereva akashusha boksi kubwa, mojawapo ya yale ambayo watu wetu walio nje hutuma nyumbani, limezungushiwa utepe wa gundi kila upande. Akatoa karatasi ya kuweka sahihi.

"Limetoka kwa nani?" aliuliza Jovelyn.

Dereva akasoma. "Jovelyn Gallego. Surin, Thailand."

"Ndiye mimi."

"Basi limetoka kwako, mwalimu. Sahihi hapa chini. Nina mengine ya kupeleka kabla ya mvua."

Jovelyn akaweka sahihi. Bibi Basyon akajifuta mikono, akalizunguka boksi, akaligonga kidogo kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Afadhali," alisema. "Nilikuwa na wasiwasi na hiyo ndege. Kumbe umefika salama."

Boksi la namna hiyo halifunguliwi kimyakimya. Kabla utepe haujakatwa, nusu ya kitongoji walikuwa wamejaa uani. Zikatoka sabuni za kuogea, tambi za pakiti, samaki wa makopo, na suruali pana nyepesi zenye picha za tembo. Kila kitu kilikuwa na jina la mwenyewe, kwa mwandiko wa Jovelyn. Bibi Basyon alipata kikopo chekundu cha dawa ya kuchua viungo. Felomina alipata suruali. Mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Ernesto, naye alipata, na ilimkaa sawasawa tumboni, mahali ambapo nguo huwa zinamshinda.

"Mwalimu, ulinipima lini?" aliuliza, akijigeuza.

"Bado sijakupima," alijibu Jovelyn.

"Basi ukinipima usibadilishe kitu."

Chini kabisa mlikuwa na viatu vyekundu vya Mikay, vya kuwaka taa ukikanyaga. Vilimzidi kwa kidole gumba. Jovelyn alifurahi. Kiatu cha kuzidi kidole gumba ni kiatu cha mwaka unaofuata, na mkataba ulikuwa wa mwaka.

Baada ya siku chache likaja boksi la pili, halafu jingine, halafu dereva akawa haogopi mbwa wa nyumba hiyo, na mbwa hambwekei. Kitongoji kizima kikanukia sabuni moja. Jumapili kanisani, tangu kiti cha mbele mpaka mlangoni, ilikuwa tembo kwa tembo, na padri naye akaulizia kama yake ipo njiani.

Na kila boksi lilikuwa na viatu vya Mikay. Vya pili vilimzidi ngumi. Vya tatu vilimzidi kiganja. Mikay alivipanga kwenye ngazi ya nyumba, kila pea na kidato chake, akawa anapanda akivivaa kimoja kimoja.

"Hapa niko darasa la tatu," alisema. "Hapa darasa la tano, nina meno yote."

Akafika kwenye vya kisigino kifupi, akajishikilia nguzo. "Hapa nina mchumba."

"Mchumba mwenyewe nani?" Felomina alimwuliza kutoka upande wake.

"Bado hajatumwa."

Watu wakacheka sana. Jovelyn hakucheka, kwa sababu ndani ya viatu hivyo alikuwa amekuta sidiria ndogo ya msichana, imekunjwa vizuri ndani ya gazeti ili watu wasiione.

Boksi lililofuata halikuwa na kitu chenye jina la Bibi Basyon. La baada ya hapo vilevile. Bibi aliingiza mkono mpaka kwenye pembe za chini, akapapasa, akautoa.

"Inaonekana miguu yangu itakuwa imeshapona," alisema, akarudi kwenye samaki wake aliokuwa anawaparura.

Jovelyn aliisahau pasi juu ya sketi ya buluu, ikaungua.

Jioni hiyo alifungua sanduku lake la safari, akaanza kutoa nguo.

"Siendi," alisema.

"Usiende," alisema mama yake.

"Nilisema mwaka mmoja, mama. Hivi viatu ni utoto mzima. Mwisho wa ngazi kuna vyeupe, umeviona? Mtu akivaa vile ameshamaliza chuo."

"Nimeviona. Vizuri. Vina kifungo cha pembeni."

"Nani atamsuka nywele miaka yote hiyo?"

Bibi Basyon aliendelea kuparura, mikono yake imejaa magamba ya samaki.

Kesho yake Jovelyn alikwenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya kitongoji. Alikuwa amefundisha hapo miaka kadhaa kama mwalimu wa muda, wa kuitwa mwenzake akijifungua na kuachwa mwenzake akirudi. Alipitia dirishani pa darasa la Mikay. Madarasa mawili yalikuwa yameunganishwa kwa kukosa mwalimu, na watoto wengine walikaa juu ya kizingiti cha dirisha, wakampungia.

"Nafasi haijaja, mwanangu," alisema mwalimu mkuu, mwanamke mpole. "Imeombwa. Huombwa kila mwaka."

"Darasa la binti yangu halina mwalimu."

"Halina."

"Na mimi ni mwalimu."

"Tena mzuri. Wazazi wanakuulizia." Mwalimu mkuu akanyoosha mguu chini ya meza. "Ile dawa ya kuchua aliyonigawia mama yako imenisaidia goti. Mungu akubariki."

Jovelyn aliporudi alikuta watu uani. Habari kwamba hasafiri ilikuwa imeshavuka kila ukuta wa mianzi. Hawakuja kwa ugomvi. Walikuja na keki za mchele, wakakaa, na mwenyekiti akasimama kuzungumza.

"Mwalimu, hakuna anayekulazimisha," alianza. "Ila tuelewane. Mimi sabuni nimeshaiogea. Sasa naivuaje?"

"Na mimi samaki wa kopo nimeshakula," alisema Felomina.

"Kama mnaona haya, mtapike," alisema Bibi Basyon. "Ndoo ipo."

Mwenyekiti alitaka kujibu, lakini suruali yake ilikuwa imeanza kwisha. Haikuchanika. Ilikuwa inakuwa nyepesi, kama maji ya kuoshea mchele. Tembo wa magotini walitangulia kupotea, kisha wa mapajani. Akachukua sinia la keki akajikinga nalo mbele, akaendelea na hotuba.

"Nilikuwa nasema kwamba hatukulazimishi…"

"Geuka basi na nyuma tukukinge!" mama mmoja alipiga kelele, na uani pakawa hapakaliki kwa kicheko. Wenye suruali wote wakakaa chini haraka. Waliovaa magauni wakabaki wamesimama, wakifurahia.

Katikati ya kelele hizo Mikay alikuwa kwenye kidato cha juu kabisa, ameshika vile viatu vyeupe. Mbao za ngazi zilionekana kupitia viatu hivyo.

"Mama," alisema. "Hivi vya chuo vinapotea."

"Viweke chini."

"Nikiviweka havipo. Vishike wewe."

Jovelyn akapanda ngazi akavishika. Vilikuwa vyepesi kuliko maganda ya vitunguu. Alijua bei ya chuo, na alijua mshahara wa mwalimu wa muda, na hakuwa na haja ya kuzidisha wala kutoa. Alivishika muda mrefu, kisha akageukia uani.

"Nitakwenda," alisema.

Viatu vikaanza kuwa vizito mkononi mwake, vikawa vyeupe tena, na kifungo cha pembeni kikang'aa. Tembo wakarudi mapajani, kisha magotini. Mwenyekiti alichungulia nyuma ya sinia, akaliweka mezani, akala keki mbili mfululizo.

"Mwalimu ni mwalimu," alisema.

Bibi Basyon aliingia jikoni kuangalia wali, ingawa wali ulikuwa haujabandikwa.

Viza ilitoka, na zile siku zilizobaki nyumba ilikuwa na kazi nyingi na furaha yake. Felomina alishona sketi nyingine ya buluu. Jovelyn aliimba nyimbo za herufi mpaka kuku mmoja akawa anasogea kila akisikia zamu ya kuku. Alimfundisha mama yake kumsuka Mikay mafundo mawili, kwa kuwa bibi alizoea moja, na Mikay alilalamika kwamba bibi anavuta kama anafunga ng'ombe.

Kwetu, mtu aliye nje hatumiwi namba ya kiatu. Mtoto husimamishwa juu ya karatasi, mguu unachorwa, karatasi inatumwa. Jovelyn alipoomba karatasi, Mikay alishangaa.

"Viatu si vipo tayari?"

"Vipo. Lakini mimi huko dukani nitajuaje nichukue vipi? Utachorwa kila mwaka, usisahau."

Felomina akaleta karatasi yake ya kukatia sare na chaki, akamchora. Mikay alicheka kwa kutekenywa, mstari ukapinda kwenye kidole kidogo. Jovelyn akasema usifutwe, akaikunja karatasi ikaingia kwenye sanduku katikati ya sketi.

Siku ya safari walikula mapema, jua bado liko juu ya minazi. Kulikuwa na tambi za sherehe na nguruwe wa kuoka, na kila mtu alikuja na sahani yake na wimbo wake. Gari la kwenda uwanja wa ndege likapiga honi watu wakiwa katikati ya kula. Jovelyn akasimama, na hapo kila aliyekaa mezani akaigeuza sahani yake kama usukani, kwa sababu anayeondoka wengine wakila hugeuziwa sahani ili afike salama.

"Ameshafika huyu, mnamgeuzia nini?" alisema Bibi Basyon. Lakini yake aliigeuza kwanza, tena mara mbili.

Jovelyn alimbusu mama yake mkono. Alimnusa Mikay kichwani, kwenye fundo la kulia na la kushoto. Akapanda gari. Mikay alikimbilia barabarani na viatu vyake vyekundu vilivyosokomezwa pamba, vikiwaka taa, mpaka gari likakata kona ya kanisa.

Giza lilipoingia Bibi Basyon alitandika mkeka, akafunga chandarua. Felomina, upande wa pili wa ukuta, aliwasikia.

"Bibi, mama ameshafika?"

"Alifika siku nyingi."

"Ameshanunua vile vya kuwaka?"

"Mwache ashuke kwenye ndege kwanza."

"Na kurudi kwake kumo kwenye boksi gani?"

Bibi Basyon aliyafikiria maboksi yote, tangu la kwanza mpaka la viatu vyeupe, na pembe zake za chini alizozipapasa.

"Kurudi hakutumwi kwa boksi," alisema. "Mtu huja nako mwenyewe. Lala."

Mikay akalala. Bibi alichelewa kidogo, akajigeuza, akamrudishia mtoto mguu uliotoka nje ya chandarua, naye akalala. Felomina alikuwa anamalizia sare za darasa la Mikay, lile ambalo hadi leo halina mwalimu. Aliona hazitaisha siku hiyo. Akakata uzi kwa meno, akafunika cherehani, akalala.