Tafsiri ya Fredi

Mama Fredi alisikia redioni kwamba sehemu ya nne na ya mwisho ya filamu ya Kiti cha Chumvi imeanza kuonyeshwa mjini Arusha. Kabla tangazo halijaisha alikuwa ameshampigia simu mkwewe.

"Shikamoo, mama," Magreth aliitikia. Alikuwa ofisi ya walimu, rundo la madaftari mbele yake.

"Marahaba. Tunakwenda lini?"

"Wapi, mama?"

"Wewe Magreth! Kuona mwisho. Au unataka nife sijajua kama yule mfalme alikipata kiti chake?"

"Sasa nani atakutafsiria?" Magreth aliuliza, na papo hapo akatamani maneno yamrudie mdomoni. Aliyekuwa akitafsiri ni Fredi, na Fredi alikuwa amelala chini ya migomba nyuma ya nyumba ya mama yake, mwaka wa pili sasa.

"Si wewe?" Mama Fredi akasema. "Kiingereza si ndicho unachofundisha?"

Fredi alikuwa dereva wa watalii. Miaka tisa aliwapeleka wageni hifadhini kule Momela, akawaonyesha twiga na flamingo, na mgeni mmoja akasahau Kiti cha Chumvi kwenye gari, kitabu kinene kama tofali la kuchoma. Fredi alikianza huku akiwasubiri wageni wengine wamalize kupiga picha, akakimaliza kwa siku kumi, na tangu hapo akawa mgonjwa wa falme zile. Vitabu vilikuwa vitano, alivisaka vyote. Filamu zilipoanza kutoka, kila moja aliiweka kwenye kompyuta yake ndogo, na Jumapili baada ya ibada alipanda nayo mlimani hadi kijijini kwa mama yake. Walifunga mlango wa sebule, na Fredi akatafsiri mwanzo mpaka mwisho: mfalme yeye, adui yeye, farasi yeye.

Magreth hakuwahi kukaa nao. Yeye alikuwa jikoni. Mke wa kitinda mimba hakai sebuleni kufuatilia mapanga ya Wazungu wakati sufuria iko motoni, na tuseme ukweli, hata angekaribishwa asingekwenda. Hadithi za watu wanaouana kwa ajili ya kiti hazikumvutia. Alisikia vicheko tu kupitia ukutani, na mara nyingine kimya kirefu kilichomfanya adhani wamesinzia.

Sasa alikuwa na jambo la kumwambia mama huyo, na alikuwa amelibeba mwezi mzima. Alipata kazi Moshi, shule nzuri, yenye nyumba ya mwalimu ndani ya uzio, karibu na kwao Machame. Anaanza tarehe moja. Lakini hakuwa anaondoka kwa ajili ya kazi tu. Miaka saba ya ndoa hakupata mtoto. Kijijini mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Yeye walimwita mke wa Fredi, na Fredi alipofariki wakaanza kumwita dada, kama wanavyomwita muuza duka. Alijiuliza kitu gani kinamshikilia pale, akakosa jibu. Hakutaka kungoja siku ya kuambiwa. Aliona heri aage mwenyewe, kwa heshima, akishampeleka mama huyo sinema.

Na kulikuwa na jingine, lililomuuma zaidi. Mwaka wa tatu wa ndoa walipimwa hospitali wote wawili, na tatizo likaonekana kwa Fredi. Fredi alilia kwa kwikwi, akamwomba asimwambie mtu yeyote, hasa mama. Magreth akaahidi, na ahadi hiyo aliitunza mpaka mazishini na baada ya mazishi. Ndiyo maana Mama Fredi alipokuwa akimchemshia dawa za miti shamba, chungu ajabu, alizinywa zote bila neno. Kisha dawa zikakoma ghafla. Magreth alidhani mama amemkatia tamaa.

Wiki nzima, kila akitoka kazini, alizitazama zile filamu tatu za mwanzo chumbani kwake Kijenge, mjini, akiandika majina ya watu kwenye karatasi kama anayeandaa somo. Jumamosi asubuhi akapanda kwa Mama Fredi. Alimkuta uani, beseni la ndizi miguuni.

"Kaa hapa, shika kisu," Mama Fredi alisema. "Kabla hatujatoka nikusimulie ilipofikia, usije ukanitafsiria ovyo."

"Nimeshaziangalia, mama."

"Umeziangalia, hujasimuliwa. Tulia."

Dakika tano hazikupita Magreth akaanza kushangaa. Kwenye filamu aliyoiona yeye, majeshi mawili yanagombania mgodi wa chumvi. Kwa Mama Fredi yalikuwa yanagombania mfereji: watu wa juu wamefunga maji, mashamba ya chini yanakauka, na kamati ya mfereji imekula rushwa. Karamu ya mfalme ilikuwa na loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, na mgeni mmoja wa heshima alisifu jinsi maziwa yalivyoganda vizuri. Yule mchawi wa kaskazini mwenye jicho moja alikuwa anauza mbolea feki.

Magreth alicheka hadi machozi yakamtoka. Mwongo mkubwa wewe, alimwambia Fredi moyoni. Miaka yote hiyo unamdanganya mama yako mchana kweupe, tena akitoka kanisani.

Ndipo Mama Fredi akafika sehemu ya pili, pale kwenye baraza la mfalme. Magreth aliikumbuka vizuri. Mfalme amekuta barua ya adui chumbani kwa malkia, anamwita msaliti mbele ya wazee wote, anapiga kikombe ukutani kinavunjika. Malkia analia.

"Hapo sasa," Mama Fredi akasema. "Wazee wakamwambia mfalme, huyu mwanamke hajazaa, tukutafutie mwingine. Mfalme akapandwa na hasira, akapiga kikombe ukutani, pwaa! Akasema, mke wangu hana kosa. Mwenye kasoro ni mimi. Nimepimwa, ni mimi. Na huyu mwaka wa pili sasa anaibeba aibu yangu, anatukanwa njiani, hajamwambia mtu, hata mama yangu mzazi hajamwambia, kwa sababu nilimwomba. Sasa nasema leo, atakayemgusa huyu amenigusa mimi. Malkia akalia."

Kisu cha Magreth kilisimama kwenye ndizi.

"Mfalme alisema hivyo?"

"Alisema hivyo." Mama Fredi hakuinua macho, maganda yaliendelea kudondoka. "Nikamwambia Fredi, hebu rudisha nyuma hapo nisikie tena. Akarudisha. Akatafsiri vilevile, neno kwa neno, ila sauti ilikuwa inamtetemeka. Ilikuwa Jumapili ya Matawi."

Magreth alipiga hesabu haraka. Dawa za miti shamba zilikoma Pasaka ya mwaka ule. Alitaka kulia, alitaka kucheka, na zaidi ya yote alitaka kumfufua Fredi amgombeze. Kwa nini hukuniambia kwamba umeshasema? Miaka yote hii napita mbele ya mama huyu nimeinamisha kichwa, kumbe anajua! Akampenda upya, palepale, mikono yake imejaa utomvu wa ndizi, na penzi hilo likamuuma kwa kuwa mwenyewe hayupo wa kulipokea.

"Na wewe, mama, ulisemaje?" aliuliza hatimaye.

"Ningesemaje? Filamu ilikuwa inaendelea," Mama Fredi akajibu, akanyanyuka kwenda kuvaa viatu vyake vya kanisani.

Saa nane mchana walikuwa mlangoni mwa ukumbi. Msichana wa tiketi akasema chakula cha nje hakiruhusiwi. Mama Fredi akampa ndizi choma zote alizokuja nazo, akamwamuru azile kabla hazijapoa, akaingia ndani kichwa juu. Ukubwa wa skrini ulimshtua kidogo, lakini hakutaka kuonekana mshamba. Akasema tu kwamba wangepunguza baridi.

Mwanzoni Magreth alitafsiri vibaya. Alinong'ona sentensi moja moja, nomino na kitenzi, kila kitu mahali pake.

"Unasoma kama taarifa ya habari," Mama Fredi akalalamika. "Huyo jenerali ana hasira. Mpe hasira."

Magreth akampa hasira. Mwanamume mmoja kiti cha mbele akageuka. "Mama, samahani, tunaomba utulivu."

"Wewe tulia na Kiingereza chako, baba," Mama Fredi akamjibu kwa upole. "Mimi nimeletewa mkalimani."

Kidogo kidogo ulimi ukamlegea Magreth. Jenerali akaanza kudai zamu yake ya maji. Mchawi akakamatwa na magunia ya mbolea, na Mama Fredi akapiga paja lake kwa furaha. Alikuwepo pia mwanamke mzee mwenye joho jeusi, mama yake mfalme, ambaye sehemu zote zilizopita alikuwa akipita tu nyuma ya watu. Safari hii aliongea zaidi, na kila alipotokea Mama Fredi alikaa wima.

Kisha, kwenye uwanda mweupe wa chumvi, mfalme akachomwa mkuki. Magreth alijua jambo hilo litatokea. Liko kwenye kitabu cha tano, naye alikuwa ameshasoma kurasa za mwisho katika nakala ya Fredi. Angeweza kusema amezimia tu. Angeweza kusema chochote, leo mdomo ulikuwa wake.

"Amekufa?" Mama Fredi aliuliza.

"Amekufa, mama."

"Hakusema neno?"

"Hakuwahi."

Mama Fredi akatikisa kichwa polepole. Fredi naye hakuwahi. Alilala saa kumi jioni wodini na hakuamka. "Sawa," akasema. "Endelea."

Vita ikaisha. Kiti kile kilichopiganiwa sehemu nne nzima kikachukuliwa na binamu mmoja ambaye hata Mama Fredi hakumkumbuka vizuri. Halafu ikaja asubuhi, langoni pa ngome. Malkia amevua taji, amevaa nguo za safari, farasi wake amefungwa mizigo. Mbele yake amesimama yule mama wa mfalme, peke yake. Malkia akaanza kuongea.

"Anasema nini?" Mama Fredi aliuliza.

Kilikuwa Kiingereza chepesi ambacho hata mwanafunzi wa darasa la tano angekielewa. Malkia alikuwa anasema hakuna tena kinachomweka pale, na kwamba anarudi kwa watu wake. Magreth alikuwa amepanga kusema karibu maneno hayohayo, mezani, chai ikiwa mbele yao, wakishatoka ukumbini.

"Magreth. Anasema nini?"

"Anasema... anasema amepata kazi Moshi. Anaanza tarehe moja."

Mama Fredi hakugeuka. Mwanga wa skrini ulikuwa unacheza usoni mwake, na Magreth hakuweza kuusoma uso huo hata kwa kuukazia macho. Langoni mama wa mfalme akaanza kujibu. Magreth akavuta pumzi ili atafsiri, lakini mkono mgumu wa mkulima ukatua juu ya goti lake na kubaki hapo.

"Huyo niachie mimi," Mama Fredi akasema.

Akasogea mbele kidogo kwenye kiti.

"Anasema, kazi ni jambo jema, nenda. Anasema, lakini mbona unaniaga kama mgeni aliyelala siku mbili? Mwanangu aliniambia yote. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu niliona haya. Dawa zile nilizichemsha kwa mikono yangu, nikakaa nikihakikisha umemaliza kikombe, nawe ukanywa ili mtoto wangu asiaibike. Nilikukosea. Nisamehe, mwanangu."

Mdomo wa yule mwanamke mzee kwenye skrini ulikuwa umeshafungwa. Mama Fredi hakujali, aliendelea tu, na sauti yake haikuwa tena ya kunong'ona.

"Anasema, Moshi si Ulaya. Ijumaa ukitoka kazini nitakuwa nimeweka maji yako ya kuoga motoni. Chumba ni chako. Kihamba ni chako, kahawa na migomba yake yote, na atakayeuliza kwa nini, aje aniulize mimi. Usiniache huko juu peke yangu."

Mwanamume wa kiti cha mbele aligeuka, akawaangalia, akarudisha uso wake mbele taratibu.

Muziki ulikuwa umepanda. Malkia alikuwa ameshageuza farasi na kutoka langoni, anakwenda, wala hakutazama nyuma hata mara moja.

"Na yeye anamjibu nini?" Mama Fredi aliuliza. Safari hii aliuliza kwa woga, kama anayesubiri majibu ya daktari.

Malkia hakuwa anajibu chochote. Alikuwa ameshakuwa nukta nyeusi kwenye chumvi. Magreth akaushika ule mkono uliokuwa gotini mwake, akaubana kwa mikono yake miwili.

"Anasema, Ijumaa anakuja, mama."